Mwisho Ambao Mume Wangu Hakuusoma

Tik. Tik. Halafu kimya.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Ndiyo kwanza naingia kutoka darasa la jioni, daftari kwapani, viatu mkononi nisimwamshe mtoto aliyelala kwenye kochi, nikausikia mlio huo ukitoka chumbani kwetu. Tik. Kisha mnong'ono wa mwanamume.

"Nakupenda. Tangu siku ile uliponiletea karatasi huku mvua inakunyeshea, nakupenda. Lakini ukivuka lango lile, usigeuke nyuma."

Huyo ni mume wangu, na mume wangu alikuwa amekatazwa na daktari kutamka hata neno moja. Siku ya tisa hiyo sijaisikia sauti yake. Ananitumia meseji tukiwa kitanda kimoja! Leo amefungua mdomo, na maneno matamu hivyo anampa mtu mwingine?

Nikaingia chumbani; mnong'ono ulitoka kabatini. Nikaukamata mlango wa kabati, nikauvuta.

"Mtoe! Mtoe huyo mwanamke nimwone!"

Alikuwa peke yake. Amejikunja chini ya suti yake ya harusi, blanketi kichwani, kompyuta mapajani, kidole kwenye kitufe kinacholia tik, maiki ameivisha soksi ya mtoto. Kwenye kioo cha kompyuta alisimama mfalme wa Kikorea mwenye kofia nyeusi, ananitazama kama mimi ndiye niliyevamia ikulu.

Mume wangu alinyoosha mikono juu kama mwizi. Halafu akaishika simu, akaandika. Yangu ikaita ndani ya mkoba.

"Si mwanamke. Ni kipindi cha ishirini."

Nikakaa sakafuni. Nilitaka kucheka, kikatoka kilio.

"Daktari alisemaje?"

"Siku kumi na nne kimya," akaandika.

"Na kunong'ona?"

Akaifunika simu kwa blanketi.

"Nilikuwepo! Alisema kunong'ona ni kukichubua kidonda. Unataka mtoto wako akue akisoma meseji zako?"

Aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Ikaja fupi tu: "Jumamosi mwenye duka anatoa kipindi cha mwisho. Nisipompa mimi, anampa Kinanda."

Nieleze kidogo. Mume wangu ndiye anayesoma tamthilia za Kikorea kwa Kiswahili, duka linazitoa kwenye diski zikiwa na sauti yake. Kikorea chenyewe hajui hata salamu. Anafuata maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, anayageuza hapohapo, na koo lake hilo moja ndilo mfalme, ndilo malkia mama, ndilo yule mtumishi anayejikwaa kila mlangoni. Mtaani hawamwiti kwa jina lake, wanamwita Mfalme. Miaka minane ya kupiga kelele za vita ikamwotesha kinyama kooni, daktari akakikata. Kinanda ni msomaji wa duka la pili, ana sauti laini, na anaitamani nafasi hiyo kila siku.

Mimi na Mfalme tulikutana kwa ugomvi. Nilikuwa mteja. Nilirudisha diski, nikaitupa juu ya meza ya duka.

"Nani kasoma hii?"

"Mimi, dada."

"Kwa nini umemuua yule jenerali?"

"Sikumuua mimi. Wamemuua wao."

"Sasa ungepungukiwa nini ukisema amezimia?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka uliofuata akanioa.

Msimamo wangu haujabadilika. Tamthilia zao za kisasa zina huruma: watu wanagombana, wanaachana, wanakutana tena, kwisha. Lakini hizi za wafalme! Zinakupa mavazi, zinakupa theluji, zinakupa mkono kugusa mkono kipindi cha kumi na moja. Cha kumi na moja! Halafu mwisho mmoja ananyweshwa sumu, mwingine anazeeka akitazama bustani. Mimi nasema mtu aliyevumilia saa ishirini anastahili kuzima televisheni akiwa na furaha.

Yeye anasema, "Ukiwaokoa mwishoni, machozi yote ya nyuma yanakuwa uongo. Mimi msomaji, mke wangu. Sikuitunga."

Hii ya sasa tuliigombania kabla hata hajafanyiwa upasuaji. Mfalme anampenda binti mtengeneza karatasi. Ili wasimuue, anamfukuza ikulu kama vile hamtaki. Miaka inapita, mfalme anazeeka, siku moja analetewa karatasi. Anaifunua. Tupu. Anakaa nayo mapajani, picha inazima.

"Karatasi tupu!" nilimwambia. "Hata 'hujambo' ameshindwa kuandika?"

"Angeandika, wangemjua, wangemfuata. Tupu ndiyo barua yenyewe. Maana yake nipo hai."

"Ndoa yetu ikifika mwisho kama huo, mimi nakudai saa zangu ishirini."

Basi usiku ule nikampigia mwenye duka palepale kabatini, nikaweka spika ili mume wangu asikie.

"Shemeji! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Shemeji, naomba siku tano tu. Kipindi kimoja kisubiri."

"Ningekuwa na uwezo, shemeji yangu... Leo tu nimepigiwa simu mpaka chaji imekwisha. Mama mmoja ananiuliza kama mfalme kafa ndio maana tunaficha."

"Waambie msomaji anaumwa."

"Nimewaambia. Wanasema apone haraka, ila wapewe mwisho wao."

"Vipindi kumi na tisa kasoma yeye!"

"Najua. Nisamehe, shemeji. Jumamosi."

Simu ikakatika. Nilimwangalia mume wangu, na yeye akaniangalia. Ningeweza kumfungia maiki. Hofu yake ningeifungia wapi?

Nikanyoosha mkono. "Nipe."

Alitikisa kichwa.

"Nipe, mume wangu. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu."

Akaivua soksi polepole, akaniwekea maiki kiganjani. Meseji ikaingia: "Nimekupa wewe. Sijampa daktari."

Jumamosi mchana tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tunamsuka mtoto wetu Bosi, mume wangu anashika chanuo, mimi nasuka. Ukuta wetu na wa Mama Pacha ni mmoja, akifungua televisheni nasi tumefungua. Tukasikia ngoma za ikulu. Halafu sauti laini ya Kinanda.

"Na mfalme anaipokea karatasi... anaifunua... karatasi imeandikwa: nipo langoni, nifungulie! Mfalme anasimama! Anakimbia! Mpenzi wangu, nimekuja!"

Picha tunaijua. Mfalme wa watu amekaa vilevile, hajanyanyua hata goti. Kinanda anamkimbiza kwa mdomo.

Mama Pacha alipiga kigelegele, akagonga ukuta.

"Mama Bosi! Mama Bosi, umesikia? Wamekutana!"

"Nimesikia, jirani."

"Ulikuwa unaombea hicho kila siku! Mwambie Mfalme wetu apumzike tu, huyu naye anajua!"

Chanuo lilimdondoka mume wangu. Shingo ilimvimba, mdomo ukafunguka. Nikaruka nikamziba kwa kiganja changu chenye mafuta ya nywele.

"Siku mbili! Zimebaki mbili tu, usiseme!"

Aliutoa mkono wangu mdomoni, si kwa ukali. Akaandika.

"Furahi basi. Umepata mwisho wako."

"Siutaki. Kwa sauti ile siutaki."

"Maiki ulichukua wewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa meseji ya mwisho. Siku mbili zile sikupata sauti wala maandishi. Nilimwandikia kutoka jikoni: "Chai tayari." Alama zikaonyesha amesoma. Alikuja, akanywa, akaosha kikombe chake mwenyewe. Usiku aligeukia ukutani, nami nikahesabu pumzi zake nikiwaza kama nimemwokoa au nimempora, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza ila yeye.

Jumanne tukaenda kliniki, na mtoto wetu, ambaye baba yake ndiye aliyembandika jina la Bosi kwa jinsi anavyotutuma.

Daktari akamulika koo. "Haya, mzee. Sema aaa."

Ukatoka upepo, kama tairi linapochomwa.

"Tena."

Upepo.

Daktari akazima taa yake. "Alizungumza siku hizi?"

Mume wangu alinitazama. Ningeweza kusema hapana.

"Alinong'ona, daktari. Siku moja. Nilimkuta."

Mume wangu akatikisa kichwa kukubali.

"Inaweza kuwa hiyo, inaweza isiwe hiyo," daktari akasema. "Nyuzi za koo zina mambo yake. Nyumbani ajaribu maneno machache kila siku, taratibu, bila kunong'ona. Siwezi kuwaahidi kitu."

Nilitamani aahidi. Hata uongo. Nilitamani awe Kinanda.

Jioni nilikuwa nasuuza vyombo. Yeye amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, Bosi amejitandaza mapajani mwake anabandua picha za wanyama kwenye karatasi na kuzibandika kwenye shati la baba. Nilipogeuka nikaiona midomo yake ikicheza. Nikafunga bomba. Midomo ikaacha.

"Nimekusikia!" nikasema kwa furaha kubwa. "Imetoka! Imetoka vizuri kabisa!"

Alichukua simu. Yangu ikaita juu ya meza. Meseji ya kwanza baada ya siku tatu.

"Nimesema nini?"

Maji yalikuwa yananidondoka viwikoni.

"Umesema... umeniita."

"Sikukuita."

Kisha nyingine: "Kila mtu anibadilishie mwisho, lakini si wewe."

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, pale pale karibu na goti lake.

"Sijasikia kitu," nikamwambia. "Nimeona midomo tu. Nimeogopa. Nilichukua maiki na sijui kama nilifanya vizuri, na nikikwambia nilikuwa sahihi nitakuwa nakudanganya tena. Ukiamua kunichukia nitaelewa. Ila usininyime meseji. Chai tumekunywa kama wageni siku tatu, jamani, hata sukari sikuisikia."

Aliiweka simu chini. Akaushika mkono wangu uliojaa povu, akaufuta kwenye shati lake, juu ya twiga na simba waliobandikwa hapo.

"Tutaandikiana," nikasema. "Tukizeeka tutanunua miwani, tutaandikiana."

Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Kisha akakunja uso, akavuta pumzi, akamwinamia mtoto, mdomo karibu na sikio lake. Nikaiona midomo ikicheza tena. Nilisikia tone la bomba. Nilisikia televisheni ya Mama Pacha. Yeye sikumsikia, na safari hii sikujifanya.

Bosi akaguna kwa kuudhika, akakusanya picha zake, akateleza taratibu mpaka sakafuni.

"Baba kasema nishuke, mguu wake umekufa ganzi."