Madoa Meusi Kidevuni mwa Bosi

Kila asubuhi mshonaji alitia mafuta cherehani yake, kisha akampa paka wake chakula. Paka huyo aliitwa Bosi, kwa kuwa alilala mchana kutwa akitazama wenzake wakifanya kazi.

Siku moja mshonaji aliona vidoa vyeusi kidevuni mwa Bosi, kama chembe za pilipili manga.

"Mafuta ya cherehani haya," alisema.

Yeye hashindwi na doa. Alichovya kitambaa katika petroli, kama afanyavyo kwenye suruali za wateja, akasugua. Bosi alilia, akarukia kabatini. Kesho yake kidevu kilikuwa chekundu, manyoya yamenyonyoka.

Mumewe, fundi rangi, alikunja uso. "Mama watoto, huo ni upele. Utatuambukiza sote. Jumamosi nampeleka kwenye ghala la nafaka."

"Wewe unavyokoroma, nani amekupeleka ghalani?"

Mshonaji alicheka, lakini kwa wasiwasi. Mumewe akisema, amesema.

Ijumaa alikuja daktari wa mifugo kuchukua koti lake jeupe, lililoshonwa mfuko. Akamwona Bosi.

"Dada, nani kamchubua huyu?"

"Mimi. Nilikuwa natoa doa."

"Si doa. Ni chunusi."

"Paka ana chunusi? Anabalehe?"

Daktari alicheka. "Hata paka mzima hupata. Mafuta ya ngozi huziba vinyweleo. Kwa kawaida haziambukizi watu. Ila petroli ni sumu, naye hujilamba. Usirudie. Wala usizikamue."

"Mbona hamkutuambia? Miaka kumi na miwili niko hapa. Wakubwa wenu walikuja mara moja tu, wakapiga picha na mbuzi, wakaenda zao. Sijasahau."

"Hilo ni kweli," daktari alikiri, akaketi. "Basi leo siondoki mpaka uelewe. Anakula kwenye chombo gani?"

Mshonaji alileta kifuniko cha plastiki cha ndoo ya rangi. Mumewe ndiye aliyekileta, akajisifu wiki nzima. Kilikuwa kimejaa mikwaruzo.

"Vijidudu hupenda kujificha humu, vikachokoza kidevu. Tafuta bakuli la kauri, la kioo au la chuma kisichoshika kutu. Lioshe kila siku kwa sabuni, ulisuuze vizuri. Kidevu kifute taratibu kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Usimpake dawa za watu. Kikivimba, au kikitoa usaha au damu, mlete kwangu upesi."

Jioni fundi rangi alielezwa yote.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Ni letu. Mimi petroli, wewe kifuniko. Asiye na kosa ni Bosi, na ndiye uliyetaka kumfukuza. Ndiyo desturi ya wenye nguvu."

Fundi rangi alikuna kichwa. Kisha akaenda kabatini, akatoa bakuli lake la kauri la supu.

"Mpe hili."

"Hilo usilotaka hata mimi niliguse?"

"Bosi ni bosi."

Jumamosi ikapita. Baada ya wiki chache vidoa vilipungua, manyoya yakaota tena. Daktari alipopita kumwangalia, alimkuta fundi rangi ameketi sakafuni, pamba mkononi, akimfuta Bosi kidevu.

"Taratibu, baba watoto," mshonaji alimwambia kutoka kwenye cherehani. "Huo si ukuta."