Aliyekaa na Mama Mchana

Picha alizopeleka kusafishwa zilipofika kwa basi kutoka Malindi, Darmi aliona jambo dogo lisilo sawa: pichani mama yake amesukwa nywele. Yeye hakumsuka. Na mikono ya mama, Bi Hawo, ilikuwa imepooza tangu mwaka wa mafuriko makubwa. Nyumbani waliishi wawili tu.

Darmi alikuwa mpiga picha pale Garsen. Alimlisha mama asubuhi na jioni. Mchana kutwa alikuwa kibandani kwake, na mama kitandani peke yake. Kila Ijumaa alimpiga picha moja, maana alimwona akipungua, akaogopa kuja kuisahau sura yake.

Ijumaa iliyofuata alimshika kichwa. Nywele zilikuwa timutimu kama siku zote, ila zilinukia siagi mbichi.

Picha ya pili ilionyesha mkono mwembamba ukimnywesha mama kikombe. Katika ya tatu, mwanamke amempakata. Uso wake ulikuwa wa Darmi mwenyewe, ila macho yalikuwa meusi yote, hayana weupe.

Darmi alifunga kibanda, akaenda nyumbani jua likiwa la utosi, na alipofika ukutani akasikia sauti yake mwenyewe ikizungumza ndani, taratibu, ikimbembeleza mama ale, na mama, ambaye hakuwa amecheka tangu mafuriko, akicheka chini chini kama msichana. Alisukuma mlango. Mama alikuwa peke yake, midomo imelowa maziwa.

"Ulikuwa ukiongea na nani, mama?" alinong'ona.

"Na mwanangu."

"Mwanao si mimi?"

Mama alilamba maziwa yaliyobaki midomoni.

Maalim Mahadi, mtoa majini, aliitwa kutoka Kipini. Alifukiza ubani, akasoma tangu asubuhi hadi adhuhuri, na Darmi aliyekaa nje alisikia sauti yake mwenyewe ikilia mle ndani, ikiomba isifukuzwe. Kisha kukawa kimya. Maalim alitoka jasho likimtiririka.

"Ametoka. Lakini hakujileta, binti yangu. Anasema aliitwa."

"Na nani?"

"Na mama yako. Alitaka mtu wa kukaa naye mchana."

Kesho yake Darmi hakufungua kibanda, wala keshokutwa. Alikaa kando ya kitanda na bakuli la maziwa. Mama alifumba mdomo, akageuzia uso mlangoni.

"Kaa, mgeni," alisema kwa adabu. "Mwanangu ametoka kidogo. Atarudi sasa hivi."