Kata ya Pulke na Maziwa ya Zenaida

Zenaida hakutulia. Aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi. Mwanawe Nazario, wa mwezi mmoja, alishika titi, akanyonya kidogo, akaliachia na kulia. Matiti yalijaa mpaka yakauma, lakini mtoto alizidi kukonda.

"Kunywa, mwanangu," alisema mama mkwe wake, Eulogia, akimpa kata ya pulke, pombe ya utomvu, yenye povu. "Hii ndiyo inayoleta maziwa. Wanangu wote nimewalea hivi."

Angebishaje? Mumewe Fidencio alikuwa mgema, kama wanaume wengi wa bonde la Mezquital. Aligema utomvu wa migave, mimea ya jamii ya mkonge, na pulke hiyo ndiyo iliyowalisha. Kuikataa kata ya mama mkwe ingekuwa kama kuwatukana wote. Zenaida akanywa, kama jana na juzi, kisha akampakata mtoto. Nazario akanyonya kidogo, akasinzia, akashtuka na kulia upya.

"Mama, mwanangu ananiishia mikononi!"

"Basi ongeza nyingine."

Kilio hicho kilimleta jirani yao Amparo, muuguzi wa zahanati. Alimtazama mtoto, akaiona na kata.

"Na unamnyonyesha ukishakunywa hiyo?"

"Namnyonyesha. Matiti yanajaa, ila yeye hanyonyi."

"Yanajaa kwa sababu maziwa hayatoki. Pombe inayazuia kushuka. Na unachokunywa kinaingia kwenye damu, kisha kwenye maziwa. Hata ukiyakamua, pombe haitoki mpaka iishe mwilini mwako."

Eulogia akaja juu. "Wewe Amparo! Nimekubeba mgongoni mimi! Pulke ni chakula!"

"Mbona chakula hicho kinamlaza Fidencio njiani kila Jumapili, mama?"

Fidencio, aliyekuwa akivua kofia mlangoni, akaona haya. Zenaida alicheka bila kutaka, kisha akalia. Aliogopa. Je, ni yeye aliyekuwa akimdhuru mwanawe?

"Hukujua," alisema Amparo. "Twende zahanati sasa hivi apimwe. Kuanzia leo, pombe acha kabisa. Kunywa maji, kula ushibe. Mnyonyeshe kila anapotaka, usiku na mchana. Afungue mdomo wazi, ashike na sehemu nyeusi ya titi, si chuchu tu. Kadiri anavyonyonya, ndivyo maziwa yanavyokuja."

"Maneno ya zahanati hayo," alinung'unika Eulogia.

"Hata mgave ni hivyo, mama," alisema Fidencio polepole. "Nisipougema asubuhi na jioni, unakauka. Hatuumwagii pulke ili utoe utomvu."

Eulogia aliinua kata, akaenda nayo jikoni. Alikuwa binti wa mgema, na hilo alilijua tangu utotoni.

Siku hiyo mtoto alipimwa, na Zenaida akarudi zahanati tena na tena. Siku za kwanza alikuwa na wasiwasi, na Eulogia alimnunia. Lakini Nazario alianza kunyonya kwa pupa, akimeza kwa sauti, maziwa yakimtiririka kidevuni. Nguo zake zilizokuwa zikipwaya zikaanza kumbana. Zenaida hakuamini macho yake, akawa anamfunua kila mara kumtazama mapaja.

Siku moja shangazi yake Fidencio alikuja kumwona mtoto. Akamimina pulke, akamnyooshea Zenaida kata.

"Kunywa, mama wa watu, maziwa yaje."

Kabla Zenaida hajajibu, Eulogia aliipokonya kata na kumrudishia mgeni.

"Inywe wewe," alisema. "Huyu ananyonyesha."