Maji Yaliyochemka Nunguni

Siku ya soko mjini Kitui, mwaka wa 1984, Ndinda alisimama mbele ya mama muuza viazi akiikodolea macho mizani ya springi iliyoning'inizwa kwenye boriti. Alikuwa amevaa sketi ya bluu ya marinda, blauzi nyeupe na kitambaa chekundu kichwani.

"Mama, springi yako imevutika," alisema. "Ona, hujaweka kiazi hata kimoja na mshale umeshasonga."

"Wee msichana, unanunua ama umetumwa na serikali?"

Nyuma yake mtu aliangua kicheko. Alikuwa kijana mrefu, suruali yake ya kaki imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata mkate.

"Mama, muuzie tu aende. Huyu yuko darasa letu la mekanika pale chuo cha ufundi. Wavulana ishirini na sita, msichana mmoja, na ndiye anatuaibisha sisi wote."

Ndinda aligeuka. "Na wewe ni nani wa kuaibishwa?"

"Mugo. Nakaa nyuma kabisa, ndiyo maana hunioni. Lete hicho kikapu nikubebee, Profesa."

Akambebea. Na tangu siku hiyo, dada zangu, alimbebea kila kitu isipokuwa mzigo wake mwenyewe. Jioni walikaa kwenye ngazi za maktaba, Ndinda akimfundisha kwa nini gari tupu husimama upesi kuliko gari lililojaa, Mugo akimwangalia midomo badala ya daftari.

"Umeshika?"

"Nimeshika wewe ni mrembo."

"Kichwa ngumu! Mtihani hauulizi hayo."

"Basi mtihani hauna akili."

Msichana wa watu akacheka. Alikuwa wa kwanza kutoka kwao Nunguni kuingia chuo cha namna ile. Baba yake, mzee Mutiso, mzee wa kanisa, alikuwa amesimama mbele ya waumini akaomba wamkumbuke mtoto wake kwa sala. Cheti cha chuo hicho ndicho Ndinda alichokuwa anatafuta duniani, na hakujua kwamba kinaweza kupotea kwa kicheko.

Ilipofika likizo fupi, mwalimu wao wa fizikia, Bwana Kilonzo, aliwapa kazi ya kuhesabiwa kwenye cheti. Kila mmoja aende kwao na themomita, achemshe maji, aandike yamechemkia digrii ngapi. Alikuwa amewaeleza kwamba ukipanda milimani hewa inakuwa nyepesi, maji yanachemka kabla ya kufika mia.

Ndinda alichemsha sufuria tatu huko kwao Nunguni, juu milimani. Alikuwa peke yake nyumbani, maana wazazi walikuwa wameenda mkutano wa kanisa Migwani. Akapata tisini na nne mara zote tatu. Mugo, ambaye baba yake ana duka Kiboko, kule chini kwenye barabara ya Mombasa, hakufika Kiboko. Alipanda lori na marafiki, wakaenda Mombasa kutazama mpira.

Jumatatu asubuhi akaja mbio. "Mpenzi, nipe daftari nione tu vile umechora mistari."

"Mistari tu, Mugo."

"Haki ya Mungu."

Alinakili kila kitu. Juu akaandika Kiboko.

Bwana Kilonzo alimwita ofisini. "Mugo, Kiboko imepanda mlima lini? Kule joto linaua mbuzi, na maji yako yamechemka kama ya Nunguni! Umeiba kazi ya mtu."

Kuiba kazi ya cheti ni kufukuzwa. Mdomo wa Mugo ukamwokoa. "Sikuiba, mwalimu. Nilichemsha na Ndinda huko kwao. Nililala kwao siku mbili. Niliandika Kiboko kwa kuona aibu."

Alipotoka alimkuta Ndinda mlangoni, ameitwa yeye pia.

"Profesa wangu, nimeshasema hivyo. Ukikataa, mimi nimekwisha. Sema ndiyo tu."

"Niseme nililala na wewe kwa nyumba ya baba? Mugo, una wazimu?"

"Si nitakuoa? Agosti naleta mbuzi wa ntheo, wa kukuposa kama desturi yenu, baba yako akubali, maneno yaishe. Nani atauliza ulilala wapi na mume wako?"

Ndinda aliingia, akaulizwa, akasema ndiyo. Neno moja tu.

Mugo aliambiwa arudie kazi. Ndinda alipewa barua ya kurudi nyumbani kwa tabia mbaya, maana sheria ya bweni iliwabana wasichana peke yao. Mzee Mutiso aliisoma mara mbili, akaikunja, akaacha kukaa kiti cha mbele kanisani.

Agosti ilikuja. Ndinda akaenda posta Nunguni kupiga simu dukani Kiboko.

"Haloo? Ni nani?" Alikuwa mama yake Mugo.

"Ni Ndinda, mama. Naomba Mugo."

Alisikia minong'ono, kisha sauti ile tamu. "Sweetie! Ngoja nimalize mtihani."

"Ulisema Agosti."

"Sasa mtu ataoa bila cheti? Nivumilie, mami."

Akamvumilia miaka miwili. Siku moja Mugo akafika kweli, na suti ya kijivu, mjomba wake Gicheru, na mbuzi watatu. Mugo sasa alikuwa fundi wa pampu za maji, ana cheti kwa fremu. Ndinda alitoka jikoni na leso yake kuukuu, akasimama mbele yao. Moyo ulikuwa bado unampenda, hilo silifichi.

"Kabla baba hajawapokea," alisema, "mwambie mbele ya watu kama ulishawahi kulala nyumba hii."

Mugo aliangalia viatu vyake. "Ndinda, si sasa naoa? Hiyo inasaidia nini? Chuo kikisikia, watanichukulia cheti."

"Changu walichukua."

"Nakupenda, Profesa."

"Najua. Rudi na mbuzi wako."

Gicheru alilalamika sana, lakini wakateremka nao. Mzee Mutiso alibaki amesimama uani.

"Kwa hivyo hakulala hapa?"

"Hakulala, baba."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisoma barua."

Kesho yake alfajiri mzee alivaa koti lake la kanisa, akasafiri mpaka Kitui. Alirudi jioni, akaketi bila kuvua koti. Ndinda alimletea chai. Hakuigusa, wala hakumwangalia.

"Nimemwona Kilonzo," alisema. "Nafasi yako walishampatia mtu mwingine." Akakohoa. "Anasema wewe ndiye ulikuwa unaongoza darasa."