Upana Arobaini, Urefu Thelathini na Tisa

"Huyu ndiye aliyeharibu vioo. Muulizeni nani kamtuma."

Aliyesema hivyo ni shemeji, mume wa dada yangu. Mtu yuleyule aliyeniombea ile kazi.



Ngojeni niwaeleze.

Mimi napima madirisha. Naandika upana safu moja, urefu safu ya pili. Shemeji anaingiza kwenye kompyuta, programu aliyoitunga mwenyewe inapanga kila upana na urefu wake, mashine inakata.

Safari hii yalikuwa madirisha arobaini ya shule. Vioo kumi na moja vya kwanza viliingia kama vimezaliwa pale. Kuanzia cha kumi na mbili, hakuna kilichoingia.

Bosi akanipa mpaka saa kumi jioni nimtaje aliyenituma. La sivyo, nisirudi.

Mimi nilimshuku Nyembe, mkata vioo. Tangu niingie ananiita Darasa la Saba. Nikakaa kwenye benchi, macho kwake.

"Vipi, Darasa la Saba, nimeota pembe?"

"Nasubiri uteleze."

"Utaota mvi. Mimi nakata ninacholetewa. Kasome karatasi yako."

Nikaisoma, nikipima kioo kimoja kimoja.

Kioo cha kumi na mbili kilikuwa na upana wake, lakini urefu wa dirisha la kumi na tatu. Cha kumi na tatu, urefu wa la kumi na nne... hivyohivyo mpaka cha arobaini, ambacho kilipewa urefu wa dirisha la kwanza.

Nikakumbuka. Dirisha la kumi na mbili lilizibwa na kabati. Kwenye urefu niliweka kistari ili nirudi, nikasahau. Kosa langu, silikatai.

Lakini namba arobaini za upana, thelathini na tisa za urefu... kompyuta ilikubalije?

Nikamfuata bosi.

"Naomba shemeji aingize nitakachosema. Namba tatu za upana, mbili tu za urefu."

Ikajibu: *Tayari kukata vioo vitatu.*

"Sasa kwenye urefu aandike neno *kabati*."

Shemeji akasita. Bosi akaandika mwenyewe.

*Tayari kukata.*

"Hii programu au mlevi?" Nyembe akadakia. "Mbona zamani ilikuwa inagoma? Namba ikipungua tu, haikati."



"Ule ukaguzi niliuzima Jumatatu," shemeji akasema taratibu. "Ulikuwa unatuchelewesha."

"Kwa hiyo asubuhi," nikamuuliza, "unaninyooshea kidole, ulikuwa unajua?"

Akainamia vibonye, akaanza kuurudisha ukaguzi.

Kazi ninayo. Ukaguzi umerudishwa, na ukinigomea nahesabu upya bila kununa.

Wapendwa, anayekukatalia pale unapokosea anakuokoa. Mimi siku nzima nilimchunga anayenitania, nikampa mgongo anayeniita shemeji.