Jiwe Lililochemshwa

Kila alasiri, kabla hata ya kuvua sare za shule, Chiriku alikwenda sebuleni kuhudumia tangi la baba yake. Lilikuwa tangi kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake waliishi matumbawe ya kila rangi na chaza wawili. Alisoma kipimajoto, akafuta kioo, kisha akaongeza maji baridi yasiyo na chumvi mpaka kwenye alama, maana maji hupungua kwa mvuke lakini chumvi hubaki palepale. Kazi hiyo aliijua barabara. Jina la Chiriku alipewa na Bibi, kwa kuwa mdomo wake haukujua mapumziko.

Siku moja palikuwa na ndoo kando ya tangi. Ndani yake mlikuwa na jiwe lililofunikwa na matumbawe madogo ya mviringo, ambayo Baba aliyaita vifungo. Yalikuwa yameenea mno hata yakambana chaza mdogo. Baba, ambaye alikuwa fundi wa friji, alilitoa jiwe hilo asubuhi kabla ya kwenda kazini.

"Hilo usiliguse," alimwambia. "Nitalishughulikia mwenyewe nikirudi."

Lakini wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Darasani kulikuwa na meza ya maonyesho, na wenzake walikuwa wakimcheka: "Matumbawe nyumbani kwenu? Acha uongo wewe!" Chiriku akawaza kwamba akilichemsha jiwe, vifungo vitatoka na litabaki jeupe, safi kabisa, tayari kuwekwa kwenye meza ile wenzake walione. Kwani Mama hachemshi chupa ili ziwe safi? Akalitia kwenye sufuria, akawasha jiko.

Bibi akaingia na vitunguu vyake, akaketi kwenye kigoda kuvikata.

"Unapika nini, mke mwenzangu?" aliuliza. Hivyo ndivyo alivyozoea kumtania mjukuu wake.

"Mayai, Bibi."

"Mayai gani yananuka samaki? Huyo kuku alikuwa anaogelea?"

Chiriku alicheka, akafunua sufuria. Mvuke ukatanda jikoni.

Haukupita muda mrefu, akahisi ladha ya chuma mdomoni, kama mtu aliyenyonya ufunguo. Mara akasikia kisu kimeanguka. Bibi alikuwa akikohoa na kutetemeka, mkono kifuani.

"Kifua kinanibana, mjukuu wangu. Niitie mama yako."

Chiriku alizima jiko, akafungua dirisha, akaificha sufuria nyuma ya ndoo ya taka. Ndipo akamwita Mama, aliyekuwa akishona barazani. Mama alipomwona mkwewe anahema vile, hakuuliza mara mbili. Alisimamisha teksi, wakakimbilia hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache. Alimpima Bibi kifua, akakunja uso.

"Imeanza lini? Alivuta moshi wowote, au harufu ya dawa?"

"Hapana, daktari," Mama alijibu. "Mchana alikuwa mzima kabisa."

"Jikoni mlipika nini?"

Bibi akajikaza, akasema kwa taabu, "Mjukuu wangu... alichemsha mayai tu. Msimsumbue mtoto."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko kofi. Bibi alikuwa akimtetea kwa uongo aliodanganywa yeye mwenyewe! Akisema, Baba atamfanya nini? Mama je? Lakini kila Bibi alipovuta pumzi, kifua kilikoroma, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Anakufa, Chiriku aliwaza. Bibi yangu anakufa, na mimi nimekaa kimya.

"Hayakuwa mayai!" alipiga kelele huku akilia. "Nilichemsha jiwe la Baba, lile la vifungo! Hata mimi mdomo wangu una ladha ya chuma!"

Mama alishika kichwa. Daktari hakugomba. Alichukua simu ya Mama, akampigia Baba palepale, akasikiliza, uso ukabadilika.

"Matumbawe hayo yana sumu kali," alisema. "Yakichemshwa, sumu hutoka na mvuke. Muuguzi, lete oksijeni upesi! Na huyu mtoto apimwe pia. Umefanya vizuri kusema, binti. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Bibi alilazwa siku tatu. Siku ya kwanza hakuweza hata kuzungumza, na Chiriku, ambaye yeye alilazwa siku moja tu, hakula wala hakulala vizuri. Siku ya tatu Bibi aliketi kitandani akadai chai yenye sukari ya kutosha, akalalamika kwamba ya hospitali ni maji ya kuoshea vikombe. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Baba alimketisha Chiriku kwenye benchi nje ya wodi.

"Nilikukataza bila kukueleza sababu," alisema. "Hilo ni kosa langu, na nimeshamwomba mama yangu radhi. Wewe ulikosa uliposhika ulichokatazwa. Ila kilichokaribia kumuua Bibi zaidi ni kule kunyamaza kwako, daktari akiuliza na wewe unajua."

"Niliogopa utanigombeza, Baba."

"Nitakugombeza, tena sana. Lakini siku nyingine ukiharibu, sema upesi, ili nikugombeze watu wote wakiwa hai."