Mguu Wangu, Siri Yenu

"'Kipenzi, mguu umeamkaje? Nimekuota.'"

Baba aliusoma ujumbe ule kwa sauti, mezani, mbele ya chai, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Akaishusha simu na kumtazama binti yake kwa juu ya miwani.

"Huyu ni nani?"

Siafu aliurudisha mkate sahanini. Simu ilikuwa yake, lakini ilikuwa mkononi mwa baba, na hilo halikuwa jambo geni. Tangu yuko shule, wiki ya mashindano simu yake ilihamia mfukoni mwa baba, eti kichwa kitulie. Wazazi wengine huficha sukari, huyu alificha simu.

"Ni Mgongo, baba."

"Mgongo? Yule kijana wa kukuvuta?"

"Ndiyo."

"Ala! Nimetafuta mtu wa kumtangulia mwanangu uwanjani, kumbe mwenzangu anamzunguka!"

Mama alitaka kucheka, akajifanya anakohoa.

Mgongo alisoma chuo kimoja na Siafu, na kazi yake kwenye timu ilikuwa moja tu. Kwenye mbio ndefu kidogo alimtangulia Siafu mizunguko ya mwanzo, amvute kwa kasi na kumkatia upepo, halafu kabla ya kengele ya mwisho atoke pembeni amwachie njia ashinde. Mwaka mzima Siafu alikuwa akiutazama mgongo ule, jina likazaliwa. Na mapenzi nayo yakazaliwa hapohapo, kwenye jasho.

"Baba, daktari wa chuo hajapiga?" Siafu aliuliza, abadilishe mazungumzo. "Alisema picha ya mfupa wa muundi wangu ikisomwa atanipigia."

Baba akaingiza simu mfukoni.

"Akipiga utajua. Kula yai. Jumamosi wakala wa klabu ya ng'ambo anakuja kukutazama, nimeshamwambia umekubali."

"Nimekubali nini?"

"Kuondoka, mwanangu. Mwezi ujao."

"Na uuguzi? Nimebakiza mwaka mmoja nimalize!"

"Vitabu vinasubiri. Miguu haisubiri."

"Baba, mimi sijakataa kwenda. Nimesema nimalize kwanza."

"Siafu." Baba alilainisha sauti, na akilainisha sauti ndipo hapana pa kupita. "Mimi nilikuwa na mbio kuliko wewe. Baba yangu akanitoa uwanjani, akanipa mashine ya kuchomelea mageti. Hakuna aliyenisimamia. Wewe nitakusimamia mpaka mwisho."

Siafu akala yai. Lakini moyoni aliapa: Jumamosi atashinda, kisha atamfuata yule wakala mwenyewe, amwambie kwa mdomo wake kwamba atakuja akishamaliza chuo. Aliyeshindwa nani amsikilize? Mshindi akikohoa tu watu wananyamaza. Ushindi ule ndio ulikuwa ulimi wake.

Siku iliyofuata mazoezini, Mgongo hakumwangalia usoni. Alikaa kwenye benchi la chuma akifunga kamba za raba, akizifungua, akizifunga tena.

"Una nini wewe? Baba amekufokea?"

"Alinifuata jana. Tumeongea."

"Akasemaje?"

"Akasema kama nakupenda, nikuvute vizuri. Nikikataa ataleta mwingine."

"Ukamjibu?"

"Nikakubali."

"Sasa uso wa msiba wa nini? Mtu katambulishwa ukweni bila hata kununua zawadi!"

Hakucheka. Jamani, mwanaume anayekupenda akikosa kucheka utani wako, shika kichwa. Siafu hakushika.

"Siafu, Jumamosi usikimbie," alisema ghafla. "Sema una homa."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Mguu unakuuma."

"Unaniuma tangu mwezi uliopita na nimekimbia. Kuna kitu unakijua?"

Akainama kwenye kamba zake.

"Hakuna."

"Basi niache. Baba ananiambia kimbia, basi tu. Wewe unaniambia usikimbie, basi tu. Mimi nyumba ya kupanga, kila mwenye ufunguo anaingia?"

"Nakupenda, ndiyo maana."

"Ukinipenda, nivute. Nishinde, niseme yangu. Baada ya hapo nitaupumzisha huu mguu mpaka uote mizizi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Akambusu kwenye paji la uso, haraka, na midomo yake ilikuwa baridi.

Jumamosi ikafika. Yalikuwa mashindano ya wazi, na kijana aliruhusiwa kuwavuta wasichana. Jukwaani wakala alikuwa amevaa kofia nyeupe, na kando yake baba na saa yake ya kubonyeza, kidole gumba tayari. Mama alikaa mstari wa nyuma na mkoba mapajani.

Bunduki ikalia.

Mzunguko wa kwanza haujaisha, Siafu akajua kuna jambo. Mgongo ule aliujua kuliko kiganja chake, na leo ulikuwa umelegea.

"Vuta!"

"Nakuvuta!"

"Hunivuti! Ongeza!"

Wasichana wawili wakawapita. Kutoka jukwaani sauti ya baba ilisikika uwanja mzima: "Kijana, kasi! Kasi!" Mgongo hakuongeza. Walifika mahali ambapo siku zote yeye huingia kwenye majani na kumwachia njia. Akapapita.

"Toka!" Siafu alipiga kelele.

Hakutoka.

"Mgongo, toka!"

"Taratibu, Siafu! Nakuomba, taratibu!"

Kengele ya mwisho ikagongwa naye yuko mbele bado, viwiko vimetanuka, akisogea kila Siafu anaposogea. Siafu alihisi ulimi wake unakatwa mchana kweupe, na anayeukata ni mtu anayemwita kipenzi. Akaingia njia ya nje kabisa, akajirusha na nguvu zote alizojaliwa. Akampita. Akampita msichana mmoja. Kwenye kona, mguu wa kushoto ukakanyaga, ukakataa.

Sauti ya mfupa aliisikia mwenyewe. Halafu akasikia tartani ya njia ya mbio ikimkwangua shavu.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Mgongo. Wa pili baba, saa ikiwa bado inahesabu mkononi.

"Umemfanya nini mwanangu?" baba alifoka. "Ungemvuta kama tulivyopatana asingelazimika kupita nje!"

"Mzee, mimi nilikuwa nampunguza!"

"Nani alikutuma umpunguze?"

Siafu alikuwa chini katikati yao, akilia kwa maumivu, na wao wanagombana juu yake.

Hospitalini, baada ya kufungwa plasta, aliingia daktari wa chuo. Alikuwa ameitwa kutoka nyumbani, hata vifungo vya shati hakuvipanga sawa. Akasimama miguuni pa kitanda, hasira imemjaa.

"Binti, wewe ni mwanafunzi wa uuguzi. Nimekukataza kukimbia, ukakimbia?"

"Hukunikataza, daktari. Nilikuwa nasubiri simu yako."

"Nilipiga! Mfupa ulikuwa na ufa, nikasema asikimbie hata akiachwa na basi. Akapokea mwanaume mtu mzima. Akaniambia, mimi ni baba yake, ujumbe utafika."

Baba alikuwa dirishani, amewapa kisogo.

"Baba?"

Baba akashika nondo za dirisha.

"Baba, daktari alipiga?"

"Alisema ufa mdogo, mwanangu," baba alijibu dirisha. "Mdogo. Mimi geti likipata ufa mdogo wiki ya sikukuu silishushi. Linabeba, nakuja kulichomelea sikukuu ikipita, na linakuwa imara kuliko mwanzo. Nikasema mbio moja tu. Mbio moja, halafu upumzike."

"Mimi ni geti, baba?"

Na Mgongo, aliyekuwa amesimama mlangoni, badala ya kuuma ulimi, maneno yakamtoka:

"Mzee, si nilikwambia tumwambie? Si nilikwambia hautabeba?"

Siafu akageuza shingo polepole.

"Ulimwambia lini?"

Hapo ndipo Mgongo alipogundua amesema nini.

"Ile siku aliyonifuata. Aliniambia kuna ufa, nikikwambia utaogopa, na mwingine atakuvuta bila huruma. Nikaona bora niwe mimi, nikupunguze kasi, umalize salama. Nilikuwa nakulinda."

"Na mimi nilikuwa namlinda!" baba akadakia. "Maisha yake, kesho yake!"

"Sikilizeni," Siafu alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata wote wakasogea. "Nilikuuliza benchini, Mgongo. Nikakwambia, kuna kitu unakijua? Ungesema neno moja tu, ufa, nisingefunga hata raba. Mimi nasomea miguu ya watu! Ningekaa jukwaani na mama nikanywa soda, mwakani nikakimbia. Mguu ni wangu. Mmeujua wawili, mkakaa mkagawana. Huyu kachukua kasi, huyu kachukua taratibu. Mimi mmenibakizia maumivu."

"Siafu, kipenzi..."

"Usiniite hivyo mbele ya baba. Alishalisoma."

Baba akafungua mdomo. Mama, ambaye siku zote alikuwa akijifanya anakohoa, akasimama kutoka kando ya kitanda.

"Baba Siafu, leo nyamaza." Akanyoosha mkono. "Simu ya mtoto. Na hiyo saa."

Baba alizitoa zote mbili. Saa ilikuwa bado inakimbia. Mama akaibonyeza, ikasimama. Simu akaiweka kifuani kwa bintiye.

Haikupita muda ikaita. Alikuwa wakala. Siafu akapokea mwenyewe, mara ya kwanza.

"Habari, naomba kuongea na mzee."

"Ni Siafu mwenyewe."

"Aa. Pole sana, binti. Mzee wako alinihakikishia uko mzima kabisa, na chuo umeshaacha kwa hiari yako."

"Sikuacha. Na sikuwa mzima."

"Basi... ukipona, tutafutane."

Yule mtu alikuwa muungwana, lakini Siafu alijua "tutafutane" maana yake nini. Hakuna anayemtafuta mwanariadha aliyevunjika kwenye kona. Akazima simu, akaificha chini ya mto, akalia mpaka plasta ikawa inatikisika.

Plasta ilikuja kukatwa, mguu ukatoka umekonda. Daktari wa mifupa hakumficha: atatembea vizuri, atasimama wodini na wagonjwa wake bila shida, lakini mbio za ushindani asahau. Siafu alimshukuru kwa kumwambia yeye, siyo mtu mwingine.

Siku ya kwanza ya mikongojo, Mgongo alikuja. Amekonda naye. Ujumbe alioandika ulijaza simu, na mmoja Siafu aliusoma mpaka akaukariri: "Sili, silali. Nipige, nitukane, ila usininyamazie."

Alimkuta Siafu kwenye korido ndefu ya hospitali, akijifunza kusimama. Baba alikuwa kwenye benchi karibu na mlango. Siku hizi alikuja kila asubuhi, akakaa, asiseme kitu mpaka aulizwe.

"Nimekuja kukusaidia," Mgongo alisema. Akamtangulia, akirudi kinyumenyume, mikono ameitanua amdake. "Njoo taratibu. Hapo pana maji, pitia huku. Hapana, huku."

Siafu akasimama.

"Bado unanipenda?" Mgongo aliuliza, machozi yanamlenga.

"Nakupenda. Ndiyo maana inauma hivi. Ningekuwa sikupendi ningeshasamehe."

"Basi niambie unataka nini. Chochote. Nitafanya."

Siafu alimtazama usoni. Lo, mwaka mzima wa mapenzi, na uso ule ulikuwa mgeni kuliko mgongo.

"Nataka utoke."

"Siafu..."

"Nilikwambia mara mbili uwanjani hukusikia. Toka, Mgongo."

Mgongo akashusha mikono, akasogea ukutani kwa pembeni, akampisha. Safari hii alitoka. Akapita mbele ya baba bila salamu, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Korido ilibaki tupu mbele ya Siafu. Hakuna mgongo, hakuna anayepiga kelele za kasi. Akausogeza mkongojo, akaukanyagia mguu, ukauma, ukakubali. Kwenye benchi, kidole gumba cha baba kilibonyeza hewa kwa mazoea. Mzee akakiona, akakificha kwenye ngumi na kuinamisha kichwa, mabega yakamcheza.

"Baba, unalia?"

"Hapana, mwanangu." Akajifuta. "Nikuletee kiti?"

Siafu alifikiri kidogo. Hakukumbuka mara ya mwisho aliyoulizwa.

"Hapana, baba. Asante kwa kuuliza."

Machozi yake alijifutia begani, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akapiga hatua nyingine.